Mashudu Husema Kabla Beringi Haijavunjika

Kijana wa Mitundu, mkoani Singida, anayetamani kuwa fundi mitambo wa kiwanda kikubwa huambiwa aende mbali: Wazo Hill kwenye saruji, au Kilombero kwenye sukari. Kwa upande wa ajira ni kweli, maana kazi za aina hiyo Singida si nyingi. Lakini msingi wa taaluma yenyewe unaweza kujengwa kwenye mashine ya kukamua alizeti hapo hapo kijijini. Kiwandani, fundi hupanda ngazi zaidi kwa hitilafu alizozizuia na kuzithibitisha kwa maandishi, kuliko kwa zile alizoitwa kuzitengeneza usiku wa manane.

Tuchukue alizeti iliyopurwa kwa fimbo juu ya udongo mtupu. Inafika mashineni na mchanga wake, na mchanga huo unailia taratibu shafti ya msokoto inayosukuma na kubana mbegu. Shafti ikishalika, mgandamizo unapungua, na mashudu yanatoka yakiwa bado na mafuta mengi. Mwendeshaji, akiona madumu hayajai, anakaza sehemu ya kutolea mashudu ili abane zaidi. Hapo mota inaelemewa, mikanda inateleza na kupata moto, na beringi inayobeba msukumo wa shafti inazidiwa hadi inavunjika. Fundi anaitwa, anafunga mpya, analipwa, anaondoka. Baada ya muda anaitwa tena kwa beringi ile ile, na mwenye mashine analalamikia spea feki. Spea feki zipo, sikatai, lakini hapa ugonjwa ulianzia uwanjani alizeti ilipopurwa, na dalili ya kwanza ilionekana kwenye mashudu. Dawa yake ni chekecheke kabla ya mbegu kuingia mashineni, pamoja na daftari lenye tarehe, saa za kazi, hali ya mbegu, hali ya mashudu na kila kilichobadilishwa. Fundi aliyezoea kufuata mnyororo huo kurudi nyuma amekwisha kujifunza jambo ambalo kiwanda kikubwa hulilipia.

Wapo watakaosema njia fupi ni kubadilisha kila kitu kwa kalenda, kiwe kimechakaa au hakijachakaa. Ushahidi hauko upande wao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi, wakaona hitilafu zikiongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba: kufungua kilichokuwa kizima kulileta makosa mapya. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United la Marekani walionyesha kuwa asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza ndivyo vingeweza kunufaika na kuwekewa kikomo cha umri wa kutumika. Hata hivyo, hii si ruhusa ya kukaa tukisubiri kuvunjika. Shafti inayosagwa na mchanga imo katika kundi linalochakaa kwa saa za kazi, hivyo ipimwe na ibadilishwe mapema. Mota ya umeme yafaa isikilizwe, ipimwe joto na mtetemo, na isifunguliwe bila sababu. Kujua kipi ni kipi ndiyo kazi yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mabosi humsifu anayekimbia na spana, na mtambo ambao haukuharibika hauna anayeuona. Ni kweli, na inakatisha tamaa. Ndiyo maana daftari lina thamani zaidi kuliko maneno: saa za kusimama zilizopungua zinageuka kuwa tani na shilingi, lugha ambayo kila meneja anaielewa. Na kusimama huko si jambo dogo: ndani ya tanuri la saruji joto la malighafi inayochomwa hufikia nyuzi 1,450 za Selsiasi hivi. Tanuri likiacha kuzunguka likiwa na moto, bomba lake zima laweza kupinda. Viwanda vya sukari navyo hufungua mitambo yao msimu wa kusaga unapokwisha, na kilichosahaulika wakati huo hulipiwa miwa ikiwa tayari inasubiri. Mahali kama hapo, fundi mwenye kumbukumbu sahihi ndiye anayeulizwa kwanza.

Vyeti navyo vina nafasi yake, na sitaki kijana adanganyike kwamba uzoefu unatosha. VETA hutoa mafunzo ya fundi stadi, stashahada humfikisha kwenye ufundi sanifu, na mhitimu wa uhandisi ana mpango wa mafunzo kwa vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ila vyeti vinavyofanana vitawekwa mezani na wengi. Kumbukumbu za miaka mitatu ya mashine moja, wachache watakuwa nazo. Kwa hiyo wenye mashine za kukamua Mitundu nawaomba jambo moja: alizeti ikiisha, msifunge mlango mkaondoka. Mpeni kijana wenu daftari na siku chache za kuifungua mashine, aipime shafti, na aandike alichokikuta.