Jiwe Lenye Salfa, Kutoka Biharamulo hadi Kabanga

Mchimbaji mdogo wa Biharamulo akipasua mwamba na kukuta chembe za manjano zinazometameta, huuliza swali moja tu: ni dhahabu au siyo? Mara nyingi siyo. Ni pairaiti, salfaidi ya chuma ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni salfa.

Kuitambua hakuhitaji maabara. Igonge kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, pairaiti huvunjika ikawa unga. Isugue kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Hata ukubwa ukilingana, dhahabu safi ni nzito karibu mara nne ya pairaiti.

Hata hivyo, usiitupe haraka. Katika miamba ya Kanda ya Ziwa, dhahabu hukaa mara kwa mara karibu na pairaiti, na wakati mwingine hujificha ndani ya punje zake. Iliyofungiwa humo haikamatwi na zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo. Ndiyo sababu mojawapo marudio yao, yaani mchanga uliobaki baada ya uchenjuaji wa kwanza, hununuliwa na kuchenjuliwa tena kwa sianidi.

Ukielekea magharibi hadi Kabanga, wilayani Ngara, utakutana na ndugu yake, pirotaiti. Rangi yake ni ya shaba iliyofifia. Katika mpangilio wake baadhi ya nafasi za chuma ziko wazi, na kwa sababu hiyo aina moja ya pirotaiti huvutwa na sumaku. Pirotaiti ndiyo sehemu kubwa ya mashapo ya Kabanga, yaliyogunduliwa katika miaka ya 1970 wakati wa utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa. Nikeli yenyewe imo zaidi katika pentlandaiti, madini yaliyochanganyika na hiyo pirotaiti. Kwa hiyo mtaalamu wa uchenjuaji husaga mwamba, huutia maji na kemikali, kisha hupuliza hewa ili chembe zenye nikeli zielee na povu. Kadiri pirotaiti inavyoachwa nyuma, ndivyo makinikia, yaani mchanga wa madini uliokusanywa kwenye povu, yanavyokuwa na nikeli nyingi.

Tabia moja inaeleza faida na madhara ya mawe haya: salfa yake iko tayari kuungana na oksijeni. Ukiyachoma, hutoa gesi ya salfa inayokereketa mapafu. Viwanda huikamata gesi hiyo na kutengeneza asidi ya salfa, inayotumika kwa wingi kuzalisha mbolea ya fosfeti. Kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16, ilitangaza mpango wa kusafisha makinikia ya Kabanga huko Kahama kwa njia ya majimaji: oksijeni na shinikizo huyeyusha metali bila tanuri la kuyeyushia.

Lakini jiwe likiachwa nje lipigwe na mvua na hewa, kazi ileile hufanyika bila msimamizi. Asidi hutengenezwa polepole, maji huwa na rangi ya kutu, na metali nyingine zilizomo mwambani huyeyuka na kufuata mkondo. Pirotaiti huoza haraka kuliko pairaiti. Ngara, nchi ya vilima ambako Ruvubu na Kagera hukutana, haiwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Kinga zinajulikana: kuyafunika mabaki kwa maji ili oksijeni isiyafikie, kuyachanganya na mawe ya chokaa yanayopunguza makali ya asidi, na kuyazuia yasivuje ardhini.

Hadhari hiyo inahusu hata nyumba. Huko Connecticut nchini Marekani, na Trois-Rivières nchini Kanada, misingi ya nyumba nyingi ilipasuka kwa sababu kokoto za zege zilikuwa na pirotaiti. Kwa hiyo magwangala, yaani mawe taka ya mgodi, yenye vimeto vya shaba au manjano yasichukuliwe kujengea msingi, kujengea kisima wala kumwagwa barabarani kabla hayajapimwa.

Mikutano ya vijiji inapojadili mgodi, maswali kuhusu fidia na ajira huwa hayakosekani. Yaongezwe mawili: mabaki yenye salfa yatahifadhiwa vipi, na nani atalipia upimaji wa maji mgodi ukishafungwa? Asidi huweza kuendelea kutoka kwa miongo mingi baada ya mwekezaji kuondoka.