Eropleni ya Mfano Irukayo Majini

Wasikilizaji, mwaka 1937 watu wa Mombasa, Dar es Salaam na Lindi walianza kuona jambo la ajabu. Eropleni kubwa za Imperial Airways, zilizokuwa zikisafiri baina ya Uingereza na Durban, zilitua juu ya maji kama bata, na abiria wakashuka kwa mashua. Desturi ile imekwisha zamani, lakini elimu yake haikufa. Hata leo wako watu wanaounda eropleni ndogo za mfano, wakazivika vyelezo mahali pa magurudumu, na kuzirusha kutoka ziwani hali wao wenyewe wamesimama ukingoni. Kazi hii yaonekana kuwa mchezo tu. Walakini ndani yake mna fundisho, nalo ndilo tutakalo kulieleza leo: kitu kieleacho vizuri si lazima kiweze kuruka, kwa maana maji hukishika kile yanachokibeba.

Kwanza tuseme jinsi mkono wa mtu aliye pwani unavyofika angani. Mwongozaji hushika kisanduku chenye vijiti viwili. Akisogeza kijiti, kisanduku hupeleka mawimbi ya redio, ambayo kwa asili ni ndugu ya yale yaletayo sauti yetu masikioni mwenu. Ndani ya eropleni mna kipokeo. Hicho huyasikia mawimbi, kikaamuru vijimota kuvuta usukani na vibao vya mabawa na mkia. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa hivyo bila waya. Mwaka 1937 ndugu wawili pacha wa Marekani, Walter na William Good, waliirusha eropleni yao ya mfano kwa njia hiyo hiyo. Siku hizi mitambo iliyo mingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Mawimbi hayo hupita vema hewani, lakini hayapenyi maji. Basi kipokeo kikizama, eropleni haisikii tena amri ya bwana wake.

Sasa tutazame vyelezo. Ni viwili, mfano wa mitumbwi myembamba iliyofunikwa juu. Kila mwanafunzi amefundishwa kanuni ya Archimedes, ya kuwa kitu kieleacho husukuma maji yenye uzito sawasawa na uzito wake chenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo eropleni ya kilo 2 itasukuma lita 2. Lakini fundi asitosheke na kipimo hicho. Vyelezo vyake viwili kwa pamoja na viwe na nafasi ya lita 4 hivi, ili karibu nusu yake ibaki juu ya maji, akiba ya wakati wa wimbi. Urefu wake na uwe kama robo tatu ya urefu wa eropleni, na omo yake itangulie mbele ya rafadha, kusudi chombo kikiinama rafadha isikate maji. Tena, kwa kuwa vyelezo huongeza ubavu mbele, mahali ambapo upepo hupiga, mara nyingi hupasa kuongeza kibao mkiani, eropleni isije ikayumba.

Hayo yote ni ya kuelea. Siri ya kuruka iko chini ya chelezo. Ukikipindua utaona ya kuwa upande wake wa chini haukunyooka toka omo mpaka tezi. Karibu na katikati, nyuma kidogo tu ya mahali pa mizani ya uzito, pamekatwa ghafula, kama kidato kinachochanjwa katika mnazi ili mkwezi apate kutia mguu. Nyuma ya kidato hicho upande wa chini hupanda juu kwa mteremko mdogo.

Huenda mtu akauliza, kwa nini kuharibu umbo lililo laini? Na ajaribu jambo hili nyumbani. Achukue kijiko, akishike kwa ncha ya mpini kwa vidole viwili, kining'inie. Kisha mgongo wake uliobinuka aukaribishe kwenye maji yanayotiririka bombani. Atadhani maji yatakisukuma kando. La, yatakivuta kwake! Maji yapitayo juu ya kitu kilichobinuka huandama mbinuko wake, na huku yanakivuta. Ndivyo yanavyofanya kwa chelezo kisicho na kidato: kadiri kinavyokimbia, ndivyo maji yanavyokishika nyuma. Kidato huyakata maji hayo ghafula. Hewa huingia nyuma yake, na maji hayana tena mahali pa kushika. Pia eropleni hupata mahali pa kuegemea, iweze kuinua pua yake bila kisigino cha chelezo kukita majini.

Wakubwa nao walijifunza hayo kwa taabu. Henri Fabre wa Ufaransa alikuwa wa kwanza kuruka kutoka majini kwa nguvu ya injini, tarehe 28 Machi 1910, karibu na Martigues. Miaka miwili baadaye, mwaka 1912, Glenn Curtiss wa Marekani alikuwa akijaribu eropleni yake yenye tumbo la mashua huko Hammondsport. Ilikimbia ziwani kwa nguvu zake zote, isitake kuyaacha maji, mpaka tumbo lake lilipotiwa kidato. Ndipo iliporuka.

Basi jinsi ya kuirusha ni hivi. Eropleni na ielekee upepo utokako. Mwanzoni, ikienda polepole, mwongozaji avute kijiti cha mkia, ili omo za vyelezo ziinuke zisichimbe wimbi. Akiongeza nguvu ya mota, eropleni itapanda wimbi lake yenyewe, kisha itainuka na kuteleza juu ya vidato tu, maji yakiruka nyuma kama vumbi. Hapo alegeze kijiti, na asubiri. Neno hili asubiri ndilo gumu. Mwanafunzi akiona chombo kimeinuka, hufanya pupa akakivuta juu. Nacho huruka kabla ya kupata mwendo wa kutosha, bawa moja likaanguka, yakawa ndiyo mwisho wake. Aachaye eropleni ikimbie mpaka iwe nyepesi, huivuta kidogo tu, nayo huondoka kwa hiari.

Watu wengi hupenda maji yaliyo shwari kama kioo, wakidhani ndiyo mepesi. Si kweli. Maji shwari huvishika vyelezo zaidi, na wakati wa kutua jicho haliwezi kupima vizuri umbali uliobaki baina ya eropleni na kivuli chake. Viwimbi vidogo vya upepo mwanana vyafaa zaidi, kwani huingiza hewa chini ya vyelezo na kumwonyesha mwongozaji uso wa maji uko wapi. Na baada ya kutua, hatari haijaisha: upepo ukiwa mkali na eropleni ikageuzwa upesi, upepo huingia chini ya bawa na kuipindua.

Jambo hilo tuliliona sisi wenyewe. Tulikwenda na wanafunzi wetu kwenye bwawa, asubuhi, maji yakiwa kimya kabisa. Mara tatu eropleni ilikimbia toka ng'ambo hii mpaka ile, isiondoke. Wanafunzi wakacheka, nasi tukaona haya kidogo. Hata ilipopata saa nne, upepo ukaanza kukunja uso wa maji, na mara ya nne ikaruka kana kwamba haikuwa na ugomvi wowote na bwawa. Ilizunguka mara tano, ikatua vizuri. Lakini katika kuirudisha tuliigeuza kwa haraka, maana tulikuwa na furaha nyingi. Upepo ukaipindua, ikabaki miguu juu katikati ya bwawa. Papo hapo kijana mmoja akavua shati akaingia majini. Maji yalikwisha mfika kifuani tulipomwita kwa sauti kubwa, akarudi kwa shingo upande. Kina cha bwawa lile hatukukijua, wala magugu yaliyo chini yake. Tulikaa ukingoni karibu saa nzima, mpaka upepo ukaileta eropleni pwani wenyewe. Mota yake ilikuwa imelowa, lakini darasa letu lilirudi nyumbani na idadi ile ile tuliyotoka nayo.

Tangu siku ile tumeweka sheria mbili. Ya kwanza, hatuirushi eropleni isipokuwa pana mashua tayari, na mpiga kasia ajuaye kazi yake. Ya pili, hakuna mtu aogeleaye kuifuata, hata kama inazama mbele ya macho yetu. Chombo kile ni mbao na karatasi na waya. Chaweza kuundwa tena. Mwenye kutumia bahari aongeze ya tatu: kuiosha eropleni kwa maji baridi kila jioni, kwani chumvi hula waya na vyuma. Na kila mtu, kabla ya kuanza, aulize wakuu wa usafiri wa anga nchini mwake ni idhini gani inayotakiwa, tena akae mbali na wavuvi na waogaji.

Basi, wasikilizaji, kama mnao vijana wapendao kuunda vitu, wapeni mti mwepesi na kisu, wakachonge chelezo. Wakivute kwa uzi ndani ya karai la maji, kwanza bila kidato, kisha kwa kidato, na waone wenyewe tofauti yake. Haba na haba hujaza kibaba. Na anayeanza kwa karai atafika ziwani akiwa na akili zaidi kuliko sisi tulivyokuwa asubuhi ile.