Wagonjwa Sita Wasiohesabiwa

Wazazi wetu hapa Rungwe wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu ya malaria iliyotumika nchini mpaka 2001. Mwaka 2020, Korona ilipoenea, dawa iliyo ndugu yake, hidroksiklorokwini, ilisifiwa kuwa ni tiba.

Sifa hiyo ilitiwa nguvu na madaktari wa Marseille, Ufaransa. Waliwapa dawa wagonjwa 26, lakini katika hesabu wakaingiza 20 tu. Je, wale 6? Mmoja alifariki, watatu walizidiwa wakapelekwa kwa wagonjwa mahututi, mmoja aliacha dawa kwa kichefuchefu, na mmoja aliondoka hospitali. Ni kama mwalimu kupiga wastani wa darasa akiwaacha walioshindwa!

Uingereza wagonjwa waligawanywa kwa kura. Kati ya 1,561 waliopewa dawa hiyo, katika siku 28 walifariki 27 kwa kila 100. Kati ya 3,155 wasiopewa, 25. Basi dawa haikuokoa.

Vijana wenzangu, mkisikia dawa imeponya wengi, ulizeni maswali mawili: Wasioinywa walipona wangapi? Na ni nani hakuhesabiwa?