Muuguzi, mfupa na usingizi wa mgonjwa

Makumbusho ya Taifa ya Afya na Tiba, yaliyoko Silver Spring nje kidogo ya Washington, yalianzishwa mwaka 1862, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mpaka leo yanahifadhi mifupa ya askari wa vita hivyo, mingine imevunjwa na risasi kisha ikaliwa na usaha. Mtaalamu akiutazama mfupa wa namna hiyo ataona ugonjwa ulipopita, ila hawezi kuona mwenyewe alilalaje usiku. Jambo hilo hulijua mgonjwa peke yake, na asipoulizwa linapotea. Nashikilia kwamba kwenye maambukizi ya mfupa, swali la muuguzi ni tiba sawa na dripu ya antibayotiki.

Mfupa hautanuki. Usaha ukijaa ndani, shinikizo hupanda, damu hupungua, na utando wa juu wa mfupa, wenye neva tele, huvutwa; ndipo maumivu hupwita, na kumgeuza tu mgonjwa kitandani kukawa adhabu. Tiba mara nyingi huchukua wiki sita hivi. Kwa muda wote huo, kumtaka mgonjwa ataje nambari kati ya sifuri na kumi hakutoshi. Jeshi la Marekani liliona hivyo baada ya Walter Reed, hospitali iliyohamia Bethesda mwaka 2011, kupokea majeruhi wengi wa Iraki na Afghanistan. Jopo la jeshi kuhusu maumivu lilitoa ripoti mwaka 2010, na kutokana nayo kikaja kipimo ambacho kila nambari ina maneno yake, pamoja na maswali manne: maumivu yamezuia shughuli gani, yamevuruga usingizi kiasi gani, yameathirije hali ya moyo, yameleta msongo gani? Anayesema “tano” naye hajafumba jicho siku mbili ameeleza mengi. Muuguzi atampa dawa kabla ya kusafisha kidonda, si baada, na akimgeuza ataushika mguu juu na chini ya mahali panapouma.

Wapo wanaohofia uraibu, na hofu yao ina msingi: mwaka 2022 dawa za kulevya ziliua Wamarekani zaidi ya 100,000. Lakini baadhi ya wenye maambukizi ya mfupa waliyapata kwa kujidunga dawa hizo. Wakinyimwa nafuu, hutoroka wodini kabla tiba haijakamilika, na maambukizi yakarudi. Wengine husema dawa huficha dalili. Huficha pale tu ambapo hakuna aliyeandika hali ilivyokuwa jana. Palipo na kumbukumbu, maumivu yakizidi ghafla daktari huitwa mapema. Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la mwenye kisukari ambaye neva za miguu zimekufa: mfupa unaoza, naye hasikii kitu. Huyo akisema sifuri, soksi ivuliwe.