Gorila wa milima

Gorila wa milima (jina la kisayansi: Gorilla beringei beringei) ni nususpishi ya gorila wa mashariki. Kwa Kinyarwanda huitwa ingagi. Anapatikana katika sehemu mbili tu duniani: milima ya volkeno ya Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na msitu wa Bwindi nchini Uganda, unaopakana na hifadhi ya Sarambwe upande wa Kongo. Kati ya sehemu hizo kuna mashamba na vijiji, hivyo gorila wa upande mmoja hawakutani na wa upande wa pili.

Maisha

Gorila hawa huishi kwa makundi yanayoongozwa na dume mzima, ambaye manyoya ya mgongoni huwa yamegeuka rangi ya fedha. Hula majani, mashina na machipukizi ya mianzi. Kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita takriban miaka minne kabla ya kuzaa tena. Kwa sababu hiyo pengo la gorila aliyekufa huchukua muda mrefu kuzibika.

Idadi

Gorila hujenga kiota kipya cha kulalia kila jioni. Timu za sensa hufuata njia za makundi, huhesabu viota na kuchukua kinyesi kilichoachwa humo. DNA yake hupimwa ili mnyama mmoja asihesabiwe mara mbili. Katika Virunga walikadiriwa kuwa 254 mwaka 1981. Sensa ya 2015-2016 ilipata 604. Sensa ya Bwindi na Sarambwe ya mwaka 2018 ilipata 459. Jumla ni 1,063. Mwaka 2018 shirika la IUCN liliwaondoa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka na kuwaweka katika daraja linalofuata, la walio hatarini.

Vitisho

Mitego inayotegwa kwa ajili ya pongo na wanyama wengine huwanasa gorila pia. Magonjwa ya binadamu, hasa ya njia ya hewa, huweza kuwaambukiza. Ndiyo maana watalii hutakiwa kusimama mbali nao na wagonjwa hawaruhusiwi kuwatembelea.

Ongezeko lenyewe lina matatizo yake, kwa kuwa msitu umezungukwa na mashamba na si rahisi kuupanua. Upande wa Rwanda, makundi yalipozidi katika eneo moja, mapigano kati yao yaliongezeka na watoto wengi zaidi wakauawa. Kwa hiyo usalama wa gorila hawa unategemea idadi yao pamoja na nafasi waliyo nayo.