Mzimu wa kisasi: Rubona yatazamana na makazi yake

RUBAVU – Jua likizama, wavuvi wa sambaza huondoka Rubona wakiimba, mitumbwi yao ikiwa imeunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, umesimama mlima wa volkano wa Nyiragongo wenye urefu wa mita 3,470. Kwa mwandishi wa riwaya ya kutisha, mandhari haya hayahitaji kutiwa chumvi.

Katika imani ya kale ya Wanyarwanda, Nyiragongo ni makazi ya wafu wasio na raha. Walioingizwa katika ibada ya Ryangombe huenda kustarehe Karisimbi. Wengine huishia kwenye moto wa Nyiragongo. Kinyarwanda huwaita abazimu, neno ambalo msomaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kutafsiriwa.

Mzimu huyo hakasiriki bure. Huwarudia jamaa waliomsahau na kuwaletea maradhi au hasara. Mpiga ramli hutafuta ni marehemu yupi analalamika na anadai nini, kisha familia humtolea sadaka, desturi iitwayo guterekera. Kwa ufupi, mzimu wa kisasi ni mdai, na hatulii mpaka deni lake litambuliwe.

Fasihi ya Kiswahili iliwahi kupita njia hiyo kwa namna yake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mizimu, lakini mpelelezi Bwana Msa haridhiki na hofu ya watu. Anatafuta mkono wa binadamu, na anaupata.

Mkoa huu nao una fumbo la aina hiyo. Upande wa Goma, watu huita mazuku mabonde madogo yanayoua watu na mifugo bila kelele wala jeraha. Muuaji ni hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mashimo. Anayelala chini au kuinama humo anaweza asiamke. Jina linasikika kama la mizuka, lakini hatari yenyewe inapimika.

Hata hivyo, nchini Rwanda habari za wafu wanaodai haki si mchezo. Miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 bado inaendelea kupatikana na kuzikwa kwa heshima. Familia nyingi zimesubiri miaka kujua ndugu zao walitupwa wapi. Mwandishi atakayemtumia marehemu kumshtua msomaji tu, kisha akamfukuza kwa dawa katika ukurasa wa mwisho, atawaumiza walio hai.

Riwaya itakayostahili mwambao huu itamwacha mzimu aseme alitendewa nini, na nani alinyamaza. Na lugha ya kuiandika ipo: Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Rubavu kimezoeleka sokoni na mpakani. Kitabu cha namna hiyo kingesomwa Goma, Kigoma na Kisumu bila kubadilisha neno mzimu.