Kujiendeleza Kusiishie Darasani: Mwili Nao Upangiwe Ratiba

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika ofisi nyingi za umma, neno "kujiendeleza" limebaki na maana moja tu. Mtumishi akisema anajiendeleza, wenzake huelewa kwamba ameomba ruhusa ya masomo, anasoma shahada ya uzamili jioni au anahudhuria kozi fupi. Ni jambo jema, na Serikali imekuwa ikilihimiza. Hata hivyo, mtu huyo huyo anayehangaika na tasnifu akiwa na miaka 45 anaweza kuwa hajatembea nusu saa mfululizo kwa miezi kadhaa, wala hajui shinikizo lake la damu likoje. Shahada hiyo anatarajia kuitumia hadi afikishe miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, na pengine baada ya hapo. Mwili utakaombeba hadi huko haumo katika mpango wake.

Suala hili si geni katika maelekezo ya Serikali. Mwaka 2014 ulitolewa mwongozo wa kudhibiti VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza mahali pa kazi katika Utumishi wa Umma. Desemba 2016, Mhe. Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhamasisha mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mashindano ya SHIMIWI nayo yameendelea kuwakutanisha watumishi wa wizara, idara na mikoa katika kuvuta kamba, netiboli, riadha na michezo mingine.

Matukio haya yamefanya kazi kubwa ya kuwatoa watu ndani. Lakini ni lazima isemwe wazi kwamba bonanza moja kwa mwezi halitoshi. Mwandishi wa makala haya anayo kabatini fulana kadhaa za mabonanza, na anakiri kuwa kwa muda mrefu fulana hizo zilikuwa nyingi kuliko siku alizofanya mazoezi. Alikuwa akikimbia Jumamosi, akiumwa mapaja hadi Jumatano, kisha akisubiri tangazo linalofuata.

Sababu ya kutotosha iko ndani ya mwili wenyewe. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama nishati. Baada ya zoezi, uwezo huo wa kupokea sukari hubaki juu kwa saa nyingi, aghalabu siku moja hadi mbili, kisha hushuka tena. Shinikizo la damu nalo hupungua kwa saa kadhaa baada ya kutembea kwa kasi, halafu hupanda. Faida ya zoezi la Jumamosi, kwa hiyo, huwa imekwisha kabla ya Jumatano kufika. Anayefanya mazoezi karibu kila siku huiongeza kabla haijaisha, na ndiyo maana mwili wake hubadilika.

Ushahidi wa mapema kuhusu jambo hili ulipatikana kwa watu wa kazi za kawaida kabisa, wala si kwa wanariadha. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha nchini Uingereza utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Watu hao walifanya kazi ndani ya basi moja, lakini makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Watafiti hao waliwatazama pia watumishi wa posta, wakaona hali inayofanana: waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa mezani. Baadaye Morris alibaini kuwa madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, hivyo hakudai kwamba ngazi pekee ndizo zilizoleta tofauti yote. Tafiti nyingi zilizofuata, hata hivyo, zimeunga mkono hoja yake ya msingi. Yeye mwenyewe aliishi miaka 99.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamshauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Zoezi la wastani ni lile ambalo mtu anaweza kuzungumza akilifanya, lakini hawezi kuimba. Jambo lenye manufaa zaidi kwa mwenye shughuli nyingi ni kwamba mwongozo huo uliondoa sharti la zamani la kila kipindi kufikia dakika 10. Dakika tano za ngazi nazo zinahesabiwa.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hapa ndipo ratiba inapohitajika, kwa kuwa zoezi linalosubiri nafasi halifanyiki. Anayepanda daladala anaweza kushuka vituo viwili kabla. Safari fupi ya bodaboda ya kwenda dukani inaweza kufanywa kwa miguu. Mkuu wa kitengo anaweza kuacha kuitisha vikao saa kumi na moja jioni. Mchango huo ni mdogo, ila walio chini yake watauona. Kwa akina mama ambao jioni ni muda wa jiko na watoto, kamba ya kuruka uani au kutembea pamoja na jirani baada ya swala au ibada ya asubuhi kumewasaidia wengi kuliko kiingilio cha ukumbi wa mazoezi.

Ushauri huu, bila shaka, haumlengi mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri wala mama anayebeba ndoo za maji kutoka kisimani. Hao wanahitaji kupumzika zaidi ya kuhimizwa kukimbia.

Mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone mtaalamu wa afya kwanza, kisha aanze taratibu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama mara moja na kwenda kituo cha afya. Anayetembea barabarani alfajiri avae nguo ya rangi nyepesi na aelekeane na magari yanayokuja.

Kabla ya kuanza, mwananchi apime shinikizo la damu, sukari, uzito na mzunguko wa kiuno katika kituo cha afya kilicho karibu naye, aandike tarehe na vipimo hivyo katika daftari, na arudi kupima tena baada ya miezi mitatu.